Nimeiachia mashine iimbe, sasa nyimbo zangu zote zinafanana: jibu kwa mtunzi wa chumbani

Swali: Shikamoo dada. Mimi natunga nyimbo chumbani, siwezi kuimba, sauti yangu mbovu na nimeshaambiwa. Tangu nianze kutumia Synthesizer V, ile programu inayoimba noti unazoiandikia, namaliza nyimbo nyingi kuliko zamani ila naona kama zote zinafanana. Alafu kwenye grupu letu la mashabiki kumezuka vita, wengine wanasema Miku wa zamani, yule mwimbaji wa kompyuta wa Kijapani, ndo sanaa, hizi sauti za AI ni utapeli mtupu. Kuna mmoja kanitumia modeli ya sauti ya mwimbaji maarufu, anasema nikiitumia hiyo nitapata watu fasta. Je hizi mashine zinaua ubunifu wetu? Na ushabiki wenyewe utabaki? La mwisho, nifanyeje maneno ya Kiswahili yasitoke kama anaimba mgeni?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo vita ya kwenye grupu maana ndo inayochanganya mengine yote, nyie mnagombana juu ya vitu vitatu mkidhani ni kimoja. Kuna programu ambayo wewe unaiandikia kila noti na kila silabi, yenyewe inatoa sauti tu, hapo ndo ilipo Vocaloid ya Yamaha, ilipo Synthesizer V unayotumia wewe, CeVIO, UTAU na wenzao. Kuna programu za kubadilisha sauti, RVC na so-vits-svc ambazo zilisambaa sana 2023, hapo mtu anaimba kwa mdomo wake mwenyewe alafu mashine inamvalisha sauti ya mtu mwingine. Na kuna Suno na Udio, unaandika kasentensi, wimbo wa huzuni, gitaa, sauti ya kike, unaletewa wimbo mzima na melodi na mashairi na ngoma na kila kitu. Zote hizo watu wanaziita AI lakini angalia nani kaamua muziki: kwenye ya kwanza karibu yote umeamua wewe, kwenye ya pili kaamua yule aliyeimba, kwenye ya tatu wewe umeagiza na mashine ndo imeamua. Kwa hiyo mtu akinijia na hilo swali la kuua ubunifu mi namuuliza kwanza, melodi kaamua nani, na pumzi iwe wapi kaamua nani. Akishajibu hayo mawili kelele zinapungua nusu.

Kuimbisha kompyuta kwenyewe sio jambo la juzi. 1961 watu wa Bell Labs kule Marekani waliiimbisha kompyuta ya IBM 704, na Yamaha walianza utafiti wa Vocaloid mwaka 2000 pamoja na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ikaingia sokoni 2004, na sauti za kwanza kuuzwa zilikuwa za Kiingereza, wala sio Kijapani kama wengi mnavyodhani. Hazikufika mbali sana. Aliyegeuza meza ni Hatsune Miku, sauti ya Vocaloid yenye mhusika wa kuchorwa, iliyotoka tarehe 31 Agosti 2007, kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, sauti imetolewa na mwigizaji wa sauti Saki Fujita.

Sasa hapa nataka ukae kidogo, maana ndo pana jibu la kwa nini nyimbo zako zinafanana. Kurekodi sauti ya Miku mtu hakuimba nyimbo, aliimba misururu ya silabi zisizo na maana yoyote, kwa pichi tofauti tofauti, ili programu iwe inakata vipande na kuviunga upya kwa kufuata noti zako. Ukiunga vipande, maungio yanasikika. Crypton wenyewe waliandika kabisa kwamba sauti hii inafaa kuanzia noti ya A3 hadi E5, tempo kati ya biti 70 na 150 kwa dakika. Na watunzi wakafanyaje, wakaiona hiyo mipaka wakaivuka, mtu kama cosMo akatunga kwa tempo ya 240, maneno yanamiminika kiasi kwamba hakuna aliyetegemea binadamu ayaimbe, na kile kilichokuwa kasoro, yaani sauti isiyovuta pumzi na isiyochoka, kikawa ndo ladha yenyewe. Wengine wakaenda upande wa pili, Mitchie M alijulikana kwa kumfanya Miku asikike kama mtu kweli, kwa mkono, silabi kwa silabi, kwenye programu ambayo haikutaka kabisa kusikika hivyo. Shabiki mzoefu ukimfumba macho alikuwa anaweza kukwambia huyu Miku katuniwa, yaani karekebishwa sauti, na nani. Sauti ni moja, wanaitumia maelfu, na bado kila mtu ana Miku wake.

Alafu ikaja hii kizazi ya pili. Programu ya NEUTRINO ilitoka Februari 2020, Synthesizer V ikaanza kutoa sauti za AI mwishoni mwa 2020, CeVIO AI Januari 2021, Vocaloid yenyewe ikaingia huko rasmi na toleo la sita Oktoba 2022. Hizi haziungi vipande. Zimesomeshwa kwa rekodi za mwimbaji akiimba nyimbo kabisa, zikajifunza anavyotoka noti moja kwenda nyingine, anavyoteleza, anavyomalizia, pumzi anavutia wapi. Unaandika melodi yako, unabonyeza, inaimba vizuri muda huohuo. Na hapo ndo ulipokwama wewe.

Maana modeli ikishajifunza hivyo, kazi yake ni kubahatisha mwimbaji wa kawaida angefanya nini hapo kwenye ile noti, na inabahatisha vizuri sana, ila maana yake ni kwamba inakupa kile kinachotokea mara nyingi zaidi. Kile cha katikati. Wewe na mwenzako na yule wa grupu mkinunua sauti moja, mkaandika melodi zinazokaribiana, mkaacha kila kitu kama kilivyokuja, mtafanana tu, haina jinsi. Zamani programu ilikuwa inatoa kitu kibovu kwa hiyo ulikuwa huna namna, lazima uingie uhangaike, na kwenye kuhangaika humo ndo maamuzi yako yalikuwa yanaingia hata kama hukukusudia. Siku hizi inatoa kitu kizuri, na kizuri kinalaza. Mi nahukumu hivi na sijifichi: hii sio mashine kuua ubunifu, ni mtu kakubali jibu la kwanza.

Ngoja nikuonyeshe kwa mfano mdogo. Chukua neno "sijakusahau", silabi sita, melodi inapanda mpaka kwenye "ha" alafu inashuka kwenye "u" unayoishika biti mbili. Ukiiacha programu, itaweka kapumzi kabla ya "si", itaifikia "ha" kwa kuteleza kidogo kutoka chini, itanyoosha "u" nusu ya muda kisha itatia vibrato laini, ule mtetemo wa sauti, hadi mwisho. Tamu, na kila mtu anaipata hivyohivyo. Sasa jiulize huyu anayeimba ana hali gani. Kama ni mtu ambaye neno limemtoka bila kujiandaa, futa ile pumzi, mtu asiyejiandaa havuti pumzi ya kuandaliwa. Nenda kwenye "s" ya "sa", irefushe kidogo tu, unajua kwenye kuimba konsonanti huwa inaanza kabla ya biti ili irabu ndo itue kwenye biti yenyewe, ukiirefusha "s" bila kuisogeza "a" inasikika kama mtu anasita. Ondoa vibrato yote kwenye "u". Mwisho wa "u" vuta mstari wa pichi ushuke kidogo sana, chini ya noti, kama hewa inaisha. Kazi ya dakika chache. Ukimaliza sikiliza ile ya kwanza na hii, ile ya kwanza ni mwimbaji mzuri anaonyesha kwamba ni mwimbaji mzuri, hii ya pili ni mtu. Usifanye hivyo wimbo mzima, utakufa, chagua mistari mitatu minne inayobeba wimbo, mingine iache mashine ifanye.

Na kile kitufe cha kuomba iimbe tena kwa namna nyingine, wengi wanakitumia kama bahati nasibu, wanabonyeza bonyeza mpaka itokee inayowafurahisha. Sio mbaya, hata produza anamwambia mwimbaji rudia. Ila produza anajua anatafuta nini. Kabla hujabonyeza uimbe wewe mwenyewe huo mstari, kwa hiyo sauti yako mbovu unayoisema, jirekodi hata kwa simu. Sauti mbovu inajua mambo mengi tu kuhusu wapi pa kukaza na wapi pa kuachia, uzuri wa sauti na akili ya kuimba ni vitu viwili.

Kuna kitu kingine mashine imekunyima na hukioni: haikatai. Mwimbaji wa kweli ukimpa melodi isiyo na pa kupumulia anakwambia dada hapa nakata roho, badilisha, mnabadilisha, na mara nyingi hicho mlichobadilisha ndo kinakuja kuwa kizuri kuliko ulichoandika. Anakwambia hili neno silisikii mdomoni, anaweka lake. Programu itaimba upuuzi wowote utakaouandika kwa moyo mkunjufu kabisa. Hilo pengo inabidi ulizibe kwa mtu, sio kwa programu nyingine, tafuta hata mtu mmoja anayeimba umwombe aimbe demo yako mara moja, hata kama mwisho utaweka sauti ya mashine. Na hapo niseme ukweli ambao mashabiki wa hizi programu hawaupendi: waliokuwa wanaimba demo za watunzi kwa malipo wanaumia. Ilikuwa kazi ndogo lakini ilikuwa mlango, mtu anaanza na demo, produza anamsikia, anaitwa kuitikia kwenye wimbo wa mtu mkubwa, anasogea. Sasa mtunzi anafungua laptop tu. Tusijifanye hatuoni.

Ila upande wa pili wa hilo jambo kuna kitu kitamu sana. Kwa sababu zile nyimbo za Vocaloid ziliandikwa bila kujali pumzi ya mtu, binadamu waliotaka kuziimba ilibidi wajifunze upya kuimba. Japani kukatokea kizazi kizima cha waimbaji wa kava mtandaoni, yaani wanaorudia kuimba nyimbo za wengine, wengi hawaonyeshi sura, wanaimba nyimbo za Miku zinazoruka juu chini kama hazina huruma, Ado alianzia huko kabla hajalipuka 2020. Na watunzi nao wakatoka: Kenshi Yonezu alianza kwa jina la Hachi akiwa anamtungia Miku, Ayase wa kundi la YOASOBI katokea hukohuko. Ukisikiliza pop ya Japani ya sasa, zile melodi za kasi, maneno yaliyosongamana, kuruka ghafla kwenda sauti ya juu, unasikia mkono wa mtu aliyejifunza kutunga akiwa na mwimbaji asiyechoka. Kwa hiyo ukiniuliza kama mashine imepunguza ubunifu wa wanamuziki, kwenye hilo eneo imefanya kinyume kabisa, imeongeza hata uwezo wa makoo ya watu.

Haya, mashabiki.

Mashabiki wa mwimbaji wa kawaida wanapokea, hawa wa Miku wanashika. Kwenye boksi lake Miku aliandikwa umri miaka 16, urefu sentimita 158, uzito kilo 42, na mchoro wa mchoraji KEI, basi. Hakuna hadithi, hana wazazi, hana tabia, hana mpenzi. Kile kitunguu kirefu cha majani anachoshika kila mahali hakikutoka kwenye kampuni, kilitoka kwenye kavideo ka mashabiki 2007 hiyohiyo, watu wakakipenda, mpaka bidhaa rasmi zikaja nacho. Fikiria hilo, kampuni inachukua utani wa shabiki inaufanya sehemu ya mhusika wake. Na badala ya kutuma mawakili, Crypton wakafungua tovuti ya Piapro Desemba 2007 ili watu wapeane michoro na mashairi na biti kwa masharti yanayoeleweka, baadaye 2012 wakaweka michoro ya msingi chini ya leseni ya Creative Commons isiyo ya biashara. Wimbo ukitunga ni wako, kampuni ina programu na mhusika, haina wimbo wako. Ndo maana mtu mmoja anatunga, mwingine anachora, wa tatu anatengeneza video, wa nne anaimba kava, wa tano anacheza, na wote wanahesabu wimbo ni wao na hakuna aliyeibiwa.

Kwa hiyo mkiwa mnabishana kwenye grupu kama sauti ya AI itaua ushabiki mi nadhani mnaangalia pembeni. Ubora wa sauti haukuwahi kuwa ndo kitu. Kilichowashika watu ni ruhusa, na nafasi tupu ya kuweka chao. Mfano upo mzuri sana, Kasane Teto. Huyu alianza kama mzaha wa Aprili mosi 2008, watu wa mtandaoni walitaka kuwadanganya wengine kwamba kuna Vocaloid mpya, kumbe hamna kitu, baadae wakampa sauti kweli kwenye UTAU ambayo ni programu ya bure. Miaka kumi na tano akakaa hivyo, sauti ya kukwaruza, mashabiki wake wanampenda hivyohivyo. Aprili 2023 akatoka na sauti ya AI kwenye Synthesizer V, watu wakanung'unika kwamba ataoshwa awe mrembo asiye na ladha. Kilichotokea ni kwamba watunzi wakamvamia, akawa moja ya sauti zinazosikika kuliko zote, akiwa sambamba na Miku mwenyewe kwenye nyimbo kubwa, na ile sauti ya zamani ya UTAU bado ipo na bado inatumika. Teto wa AI hakuua Teto kwa sababu mhusika alikuwa mikononi mwa watu tangu mwanzo.

Na msidhani mashabiki wa sauti bandia hawana viwango. 2024 kwenye matamasha ya Miku ya Amerika Kaskazini, na kwenye tamasha la Coachella pia, waliweka skrini ya kawaida ya LED badala ya ile ya kioo inayomfanya aonekane kasimama jukwaani, watu wakakasirika kweli. Wanajua kabisa hayupo! Lakini wamekubaliana pamoja kumwona yupo na waandaaji wakavunja hayo makubaliano. Kwa mtu wa nje inachekesha, kwa aliyenunua tiketi haichekeshi.

Sasa linganisha na wimbo uliotoka Suno ukiwa umekamilika. Shabiki afanye nini? Hakuna wa kumuuliza kwa nini hapo umeshusha sauti, hakuna sauti ya kutuni, na mwenye wimbo mwenyewe kesho ana kumi mingine. Aprili 2025 Deezer, jukwaa la kusikilizia muziki, walisema nyimbo zilizotengenezwa nzima na AI wanazopokea zimezidi 20,000 kwa siku, kama asilimia 18 ya zote zinazopandishwa kwao. Hiyo sio utamaduni wa mashabiki, huo ni mrundikano. Naweza nikawa mkali lakini sijaona bado watu wakikesha kuchora mhusika wa wimbo wa namna hiyo. Kisheria nako pana shimo, Januari 2025 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilisema maelekezo ya kuandika peke yake hayakufanyi mwenye hakimiliki, inatakiwa mchango wa binadamu uonekane. Melodi na maneno uliyoandika mwenyewe alafu yakaimbwa na Synthesizer V, hayo ni yako.

Hiyo modeli ya sauti ya mwimbaji maarufu uliyotumiwa: usiitumie. Najua itapata watu, ndo tatizo lenyewe, watamfuata yeye sio wewe. Aprili 2023 mtu wa kujificha alitoa wimbo wenye sauti bandia za Drake na The Weeknd, ukasambaa kama moto, kampuni ya muziki ya Universal wakahangaika mpaka ukashushwa kwenye majukwaa. Mwaka mmoja baadae Drake huyohuyo akatumia sauti ya AI ya Tupac, ambaye kafariki 1996, kumchokoza mwenzake, wasimamizi wa mirathi ya Tupac wakatishia mahakama akaiondoa. Nilicheka ile siku. Jimbo la Tennessee limeshapitisha sheria ya kulinda sauti ya mtu, imeanza Julai 2024, na nyingine zinakuja. Lakini hata kabla ya sheria, sauti ya Teto au ya Miku mtu aliingia studio akijua anarekodi kwa ajili ya nini, akakubali. Hiyo yako ilichotwa kwenye klipu.

Ruhusa ikiwepo mambo ni mengine kabisa. Randy Travis, mwimbaji wa country, alipata kiharusi 2013 akapoteza uwezo wa kuimba, Mei 2024 katoa wimbo mpya, mwimbaji mwingine kaimba, AI ikavalisha sauti ya Travis ya zamani, na Travis mwenyewe yupo hai kashiriki na kakubali. Mwimbaji Grimes 2023 alisema tumieni sauti yangu tugawane nusu kwa nusu. Kwa marehemu ndo pagumu zaidi, hata familia ikikubali. Shirika la utangazaji la Japani NHK na Yamaha 2019 walimrudisha mwimbaji Misora Hibari, aliyefariki 1989, akaimba wimbo mpya na mwisho wa mwaka akawekwa kwenye tamasha kubwa la Kohaku. Kuna waliolia kwa furaha. Ila katikati ya wimbo kuna mahali anaongea, anawaambia watu kwamba amekuwa akiwaangalia siku zote, maneno ambayo Hibari hakuwahi kuyasema, kaandika mtunzi, na mwanamuziki Tatsuro Yamashita akasema redioni kwamba kile ni kumvunjia marehemu heshima. Mi niko na Yamashita, sio kwa sababu ya kuimba, kwa sababu ya pale anapoongea.

Kuhusu kuvuta watu kihalali, chukua tabia ya watunzi wa Vocaloid. Ukipost wimbo weka na biti tupu isiyo na sauti, andika maneno yote, andika wazi kwamba kava zinaruhusiwa na mpaka wapi, andika sauti ni ya programu gani, wimbo kautunga nani na sauti kaituni nani. Huyo wa grupu anayekuita tapeli mpe faili la noti afungue aone, mara nyingi kelele zinaisha hapo kwa sababu hajawahi kuona kazi iliyomo.

Mwisho matamshi. Synthesizer V haina Kiswahili lakini sauti zake za AI zinaweza kuimba kwa lugha zaidi ya moja, kwa hiyo usiandike maneno ya Kiswahili ukiwa umeiacha kwenye Kiingereza, itageuza "e" iwe "ei" na "o" iwe "ou", na hapo ndo huo umgeni wako unapotokea. Irabu zichukue kwenye Kijapani au Kihispania, zote zina tano kama zetu. Kijapani hakitofautishi "l" na "r", kwa hiyo "kula" na "kura" zitakuwa kitu kimoja, Kihispania kinazitenganisha na kina "ny" pia. Kwa "dh", "th" na "ng'" nenda kwenye fonimu za Kiingereza, yaani zile alama za sauti mojamoja, andika fonimu yenyewe badala ya neno, "ng'" ipo huko ila wao huwa inakaa mwisho wa silabi, ipeleke mwanzo kwa mkono kisha fuatisha irabu. "Gh" hakuna ya karibu niliyoiridhia, natumia "g" nimeifupisha na kuipunguzia nguvu. Na ile "m" ya "mtu" au "mpenzi" ipe kanoti kake kadogo kabla, pichi ileile, ukiibandika kwenye "tu" inamezwa na msikilizaji atasikia "tu" peke yake.